Mgongo wa Wifi

Jumanne, 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na wateja wa sare za shule wameacha kukufokea. Mimi sijambo. Tumbo limekuwa kubwa hata sizioni tena kucha za miguu yangu, na jana dada mmoja wa ofisini alipiga magoti kunifunga kamba za viatu mbele ya foleni nzima. Mtoto anacheza vizuri. Mkweo bado yuko melini, hatarudi kabla sijajifungua, hilo tulishalijua.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja tu neno shangazi, unasema mtandao mbaya.

Mama, nimebaki na nyinyi wawili. Baba hayupo, ndugu sina, na upande wake amebaki dada yake huyo mmoja. Nilikuomba uje ukae nami nikijifungua, ukasema utakuja, ila wifi yako akikanyaga hapa wewe utageuza na sanduku lako. Nikamwomba yeye, akasema hana neno, lakini hawezi kuingia kwenye nyumba ambayo utamgeuzia uso. Sasa mimi nitazaa na nani? Na jirani?

Sikiliza ombi langu. Kabla sijapata ujauzito, mimi na mwenzangu tulijiandikisha kwa safari ya wikiendi: kupiga makasia kwenye kayaki na kulala kwenye mahema, huko kwenye visiwa visivyokaliwa na watu, vile vinavyoonekana kama madoa ukipanda kilima cha nyuma ya shule. Kayaki ni kimtumbwi chembamba cha plastiki, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Mimi kwa tumbo hili siingii hata kwenye kiti cha sinema. Nafasi zetu nimeziandikisha upya, moja kwa jina lako, moja kwa jina la shangazi. Sikufichi, na yeye nimemwandikia maneno haya haya. Mkiweza kukaa siku mbili kwenye chombo kimoja, mtaweza kukaa mwezi kwenye nyumba yangu ya vyumba viwili. Mkishindwa, nitajua, na nitaacha kuomba.

Usikasirike. Au kasirika, lakini nenda.

Mwanao

*

Jumatatu, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti limekuwa mwenzangu, tunaamka pamoja na kulalamika pamoja. Nimefurahi kwamba mtoto anacheza. Wewe nawe ulikuwa hivyo, na ulitoka kabla muuguzi hajavaa glavu.

Barua yako niliisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mimi, baharini? Mwanamke wa umri huu, fundi cherehani, ambaye maji mengi niliyowahi kuyaingia ni ya beseni? Na tena na yule?

Unalijua alilolifanya, lakini nitaliandika hapa usije ukasema nimenuna bure. Baba yako alipougua, daktari aliniita pembeni akaniambia ugonjwa wenyewe, na kwamba hauna dawa. Nikaamua asiambiwe. Nikasema ni vidonda vya tumbo. Nikawaomba nyote mseme hivyo, wewe, majirani, hata yule muuguzi wa kuchoma sindano, na nyote mkakubali. Ndipo akaja Bi Mizani. Miaka yote ya kazi yake amezunguka masokoni kukagua mizani za watu, kumwambia huyu jiwe lako jepesi, yule umefunga sumaku chini ya sinia, mpaka wakampa jina hilo. Akakaa na kaka yake chumbani kwa muda, akatoka, akanikuta nakata kitambaa. Akasema, "Ameniuliza, nimemwambia." Basi. Kama anasoma kilo za sukari. Baba yako akageukia ukutani siku nzima. Mimi nilifiwa siku ile, yaliyofuata yalikuwa mazishi tu.

Hapo juu niliandika kwa hasira, nikaiacha barua kwenye meza ya kukatia. Leo nimeirudia.

Nitakwenda. Siendi kwa ajili yake. Nakwenda kwa sababu uliandika "na jirani," na neno hilo limenikaa kooni. Lakini sitamsemesha. Mwambie kabisa asije akatarajia. Nitapiga kasia, nitalala, nitarudi. Mdomo wangu haumo kwenye makubaliano.

Niambie mtu anavaa nini huko.

Mama yako

*

Jumamosi, 14 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na asante, asante tena. Tuko wazima huku, mimi na huyu wa ndani, ambaye sasa ana kwikwi kila nikikaa kula.

Vaa suruali nyepesi, fulana ya mikono mirefu na kofia yenye kamba. Najua utasema suruali si vazi lako. Jishonee basi, wewe si fundi? Koti la kuelea mtapewa na hulivui mkiwa majini, hata ukiona linakunenepesha.

Kiongozi wa safari ni dada mmoja anayewapeleka watu huko kila msimu. Mtiini. Anasema mzito kidogo kati ya wawili ndiye anayekaa nyuma na kushika usukani kwa miguu. Ni nani mzito kati yenu, mimi simo, mkamalizane wenyewe.

Shangazi amenijibu kwa mstari mmoja: "Nitakuwepo. Sijui kuogelea." Wewe pia hujui. Tayari mna jambo moja la pamoja.

Mwanao

*

Jumamosi, 28 Machi. Kisiwani, jua halijazama

Mwanangu,

Hujambo wewe na mwenzio wa kwikwi? Mimi mzima, na nasema hivyo kwa mshangao. Nimekaa mchangani, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha sufuria, na nikitazama mbele sioni kitu hata kimoja kilichotengenezwa na mtu, isipokuwa vimtumbwi vyetu vitatu: cha kiongozi, cha mume na mke waliooana juzi juzi, na chetu. Nakuandikia sasa hivi kwa sababu nikifika nyumbani nitajiona nimetia chumvi.

Kiongozi alitutazama kuanzia juu mpaka chini, kwa adabu, akanielekeza nyuma. Shangazi yako amekonda siku hizi. Kwa hiyo tangu asubuhi natazama mgongo wa wifi yangu, na naujua sasa kuliko ninavyoijua mikono yangu.

Huku nyuma kuna pedeli mbili. Ukikanyaga ya kushoto chombo kinakwenda kushoto, ya kulia kinakwenda kulia, na ukitaka kunyoosha unatuliza miguu. Sasa mwambie fundi wa cherehani cha miguu atulize miguu akikuta pedeli! Tulipoachana tu na ufuko, hofu ikanishika, na miguu ikaanza kazi yake yenyewe, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Chombo kikaenda kama mlevi anayetafuta mlango. Maharusi wakatupita wakicheka. Kiongozi akaita, "Mama, unakwenda wapi?" Na mimi sijui kosa liko wapi, nikazidi kukanyaga. Hapo ule mgongo ukasema bila kugeuka, "Wifi, unashona nini huko nyuma?"

Miaka mitatu hatujasemezana, na hayo ndiyo maneno ya kwanza. Sikumjibu, nilikuapia. Lakini kicheko kilinitoka puani, na najua alikisikia. Nikaitoa miguu yote miwili, nikairudisha mmoja mmoja kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, na chombo kikanyooka.

Mwanangu, sijui nianzie wapi na yaliyofuata. Upepo ulikuwa umekufa. Tulipofika mbali, nilitazama chini nikaona kivuli chetu. Hakikuwa juu ya maji. Kilikuwa kwenye mchanga, chini kabisa, kina cha nyumba ya ghorofa tatu, kivuli chembamba cha kimtumbwi na ndani yake watu wawili wadogo wanapiga makasia. Nikanyanyua kasia langu, na yule wa chini akanyanyua lake. Samaki wengi wa manjano wakapita kati yetu na kivuli chetu, hawana haraka. Nikashika ukingo kwa mikono yote miwili, maana mwili wangu uliamini kwamba tuko hewani na tutaanguka. Mgongo wa mbele nao ulisimama. Nadhani tulikaa hivyo mpaka kiongozi akarudi kutuangalia kama kuna tatizo.

Nimeishi karibu na bahari hii maisha yangu yote. Nimekuwa nikishona mapazia watu wafunge madirisha yanayoitazama.

Halafu kisiwa. Si kikubwa, mawe na mchanga na vichaka vifupi, na ndege. Ndege weupe wa ukubwa wa bata, maelfu, wamekaa chini kila mahali kama nguo zilizoanuliwa na kumwagwa. Nilifikiri tukishuka wataruka wote. Hawakuruka. Nilipita katikati yao, nikasimama karibu kiasi cha kumshika mmoja, akanitazama kwa jicho moja akaendelea na mambo yake. Kiongozi akatuambia hawa hawajawahi kufukuzwa na mtu, hawajui kama sisi ni wa kuogopwa.

Hilo limenipiga. Kila kiumbe ninachokijua, kuku, paka wa jirani, njiwa wa paa la soko, ukinyanyua mkono kinakimbia. Mimi mwenyewe nimezoea hivyo, nikadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Hapa nilinyanyua mkono na hakuna kilichotokea. Kinda mmoja, bado ana manyoya ya sufi, akaja akitembea kama bwana mkubwa, akaukalia mguu wangu. Joto lake likapita kwenye soksi. Sikuthubutu kusogea, na machozi yakanitoka wazi wazi mbele ya watu. Shangazi yako alikuwa hatua chache kutoka hapo. Alinitazama, akaketi chini taratibu, akangoja mpaka yule ndege alipoamua mwenyewe kuondoka. Alichelewa sana kuamua.

Sasa jua linakwenda na bahari yote imekuwa nyekundu, mpaka kwenye miguu yangu. Hakuna redio, hakuna jenereta, hakuna mtu anayegonga geti la mtu. Kiongozi amekuja kunijulisha kwamba hema letu ni moja. Nimemwambia asante, nikiwa na maana nyingine.

Mama yako

*

Jumanne, 31 Machi

Mwanangu kipenzi,

Vipi hali yako? Vipi presha, vipi miguu, bado inavimba? Mimi nimerudi salama. Mikono hainyanyuki, nimekaa na sare ambazo hata vifungo siwezi kuvikaza, na nimewaambia wenye watoto wanipe wiki. Barua hii nimeifunga pamoja na ile ya kisiwani. Isome ile kwanza.

Hemani hatukusema neno. Anakoroma, kwa taarifa yako.

Jumapili tulianza kurudi mapema. Tulikuwa katikati, kisiwa kimoja kimebaki nyuma, kingine bado, kiongozi akanyanyua kasia lake juu kabisa. Ni ishara ya kusimama. Tukaweka makasia mapajani. Nikaona upande wa kushoto maji yamekuwa meusi, nikafikiri kivuli cha wingu, nikatazama juu, mbingu nzima haina hata uzi. Nikatazama tena chini. Ule weusi ulikuwa unasogea, na ulikuwa unapanda.

Nyangumi, mwanangu. Nilikuwa nalijua neno, lakini sikuwa nimewahi kujua kitu chenyewe. Alipumua kwanza, na sauti ilikuwa ya breki za lori kubwa likisimama mlangoni pako. Mvuke ukatuangukia usoni, una joto, una shombo ya samaki. Halafu mgongo ukaja juu ya maji, ukaja, ukaendelea kuja. Nilingoja uishe. Nikafikiri, sasa utaisha. Ngozi yake ina makovu na vitu vidogo vigumu vimemganda kama vifungo vilivyoshonwa ovyo. Na ubavuni kwake mtoto, mtoto mchanga, kiongozi alisema baadaye, na huyo mchanga alikuwa mrefu kuliko chombo chetu. Walipita kando yetu, karibu hata ningemgusa kwa kasia. Maji yakatunyanyua taratibu, yakatushusha. Hakutumwagia hata tone. Angetaka, angetugeuza kwa kuhema tu, naye alipita kwa uangalifu, kama mtu anayempita aliyelala.

Sijawahi kuwa mdogo kiasi kile. Ulijua kwamba kuwa mdogo kunaweza kumfurahisha mtu? Mimi sikujua. Miaka mitatu nimekuwa mkubwa nyumbani mle, mimi na uchungu wangu tumejaza vyumba vyote. Pale nilikuwa kitu kidogo kinachoelea, na nikaona ni sawa.

Na hapo ule mgongo wa mbele ukacheka.

Sitaki uchukulie kwamba kilifanana na cha baba yako. Kilikuwa chake. Kile kinachoanza kwa pumzi, kinakwama, unafikiri kimekufa, halafu kinamwagika chote. Dada na kaka, damu moja, lakini uso wake siku zote uliniziba nisisikie. Pale sikuwa na uso wa kutazama. Nilikuwa na mabega tu, na mabega ya familia ile unayajua, yanainuka mpaka masikioni wakicheka. Nyangumi kushoto kwangu, mume wangu mbele yangu. Nikasahau kuogopa, nikasahau kiapo.

Nikasema, "Kwa nini ulimwambia?"

Kicheko kikakatika. Hakugeuka. Kwenye kayaki huwezi kugeuka hivi hivi, kiongozi alituonya kwamba ukijipinda mnapinduka nyote. Kwa hiyo aliongea akiitazama bahari, na mimi nilimsikiliza nikiutazama mgongo, na nadhani ndiyo maana tuliweza.

"Aliniuliza," akasema. "Aliniambia, dada, humu ndani wote wananidanganya, na mke wangu anachoka kwa kunidanganya. Namsikia analia jikoni. Niambie wewe nimebakiza nini, nijue namna ya kumuaga."

Nikamwambia, "Aligeukia ukutani."

"Siku moja," akasema. "Na kesho yake?"

Mwanangu, kesho yake. Kesho yake aliomba tumtolee kiti, akakaa karibu na cherehani. Ulikuwa umerudi kazini, hukuyaona. Kila asubuhi alikaa pale. Aliniomba nimfundishe kutunga uzi kwenye sindano, mikono inatetemeka, anakosa, anacheka. Alinisimulia siku tuliyokutana kama vile mimi sikuwepo. Alikuwa akinitazama nafanya kazi mpaka namuuliza unatazama nini. Nami nilifurahi! Nilimwambia, "Unaona unavyopata nafuu?" Ananijibu, "Naona." Nikadhani dawa zimeanza kufanya kazi. Nikadhani uongo wangu umemponya.

Alikuwa ananiaga. Kila asubuhi alikuwa ananiaga, na mimi nashona.

Nililia kwa sauti, sikujali maharusi wala nyangumi. Shangazi yako alichukua kasia, akaanza kupiga, pole pole, kwa ajili yetu sote wawili. Hakunipa pole. Hakuacha kupiga hadi nilipomaliza.

Usije ukafikiri tulikumbatiana. Nilipopata sauti nilimwambia, "Ungenijulisha kabla ya kuingia mle." Akapiga kasia mara kadhaa. Akasema, "Ndiyo. Hapo nilikupunja." Unajua Bi Mizani kukiri kwamba kipimo chake kimepungua ni jambo gani? Watu wangefunga soko waje kutazama.

Pwani tulinyanyua chombo pamoja, tukaagana kwa mkono. Kuhusu kuja kwako na yeye, sijui, usinisukume. Kusikia nimesikia. Lile lingine bado.

Lakini nikifumba macho nilale bado nainuliwa na kushushwa.

Mama yako

*

Jumamosi, 4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua zote mbili nimezipata, ile ya pili nimeisoma mara nyingi, na sehemu ya Baba siwezi kuizungumzia bado. Nilitaka kukuuliza mengi juu ya nyangumi na mtoto wake. Nitakuuliza siku nyingine.

Mimi si mzima sana. Kliniki wanasema mtoto amekaa vibaya, kichwa kiko juu, na presha yangu imepanda. Wanataka kunilaza. Hilo silo linaloniumiza. Kinachoniumiza ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia usijali. Daktari nimemuuliza kama kuna hatari, akasoma faili, akasema tutaona. Wenzangu ofisini wanasema usiwaze, utamchosha mtoto. Na wewe jana kwenye simu ukaniambia nilipokuwa tumboni ilikuwa hivyo hivyo na ukanizaa salama, wakati nimekua nikisikia kwamba nilitoka kabla ya glavu. Mama, kila mtu anatabasamu. Najisikia kama niko kwenye chumba ambacho wote wanajua kitu isipokuwa mimi.

Sikuombi tena juu ya shangazi. Mje, msije, aje mmoja, shauri yenu. Nimechoka kupatanisha watu wazima.

Mwanao

*

Jumatano, 8 Aprili. Hospitalini, nje ya wodi

Mwanangu,

Pole, mama. Pole sana. Sikuulizi hujambo, najua.

Simu yako ilipozimwa nilimpigia jirani, akasema wamekuchukua alfajiri. Nilipofungua mlango nitoke, shangazi yako alikuwa amesimama kwenye ngazi na begi lake. Sijui nani alimwambia. Hatukujadiliana lolote. Tumekuja kwa basi moja, kiti kimoja, na njia nzima tulitazama mbele.

Mlinzi wa hapa mlangoni anasema ndugu mmoja tu ndiye anayeingia, na huyo huyo ndiye atakayekaa nawe mpaka mwisho, hakuna kupokezana. Shangazi yako akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Wewe ndiye mama yake. Ingia."

Nikasogea mpaka mlangoni, kweli. Nilishavua viatu vya nje na kuvaa vile vya wodi. Halafu nikajiona nimeshaingia, nimekaa kitandani pako, nimekushika mkono. Nikajisikia nikikuambia, "Hakuna kitu, mwanangu, kidogo tu, utaona." Ndivyo nilivyo. Kwa mtu ninayempenda ulimi wangu haujui njia nyingine, na nilimwambia baba yako hivyo hivyo hadi pumzi ya mwisho, naye akanivumilia kwa sababu alikuwa na wa kumwambia kweli.

Nikarudi, nikampa viatu vya wodi.

Kwa hiyo aliyekupa karatasi hii ni yeye. Usishtuke, na usifikiri nimekataa kuja. Amesimama na daktari muda mrefu kwenye korido, nimewaona kupitia kioo, na daktari ameweka faili chini akajibu. Kila ulilotaka kujua, sasa analijua. Amerudi mlangoni kungoja karatasi hii, na mimi sikumuuliza. Niliona wewe ndiye unayestahili kusikia kwanza.

Muulize, mwanangu. Lolote. Atakwambia lilivyo, na wakati anakwambia hatauachia mkono wako.

Mimi niko hapa nje, benchi la pili kutoka mlangoni, siendi popote. Ukishajua, mtume aje aniambie na mimi. Asipunguze kitu.

Mama yako